Pedi ambazo hazikufunguliwa: kisa cha binti aliyezaliwa bila mfuko wa uzazi

Usuli

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, washauri nasaha, walimu walezi na yeyote anayefanya kazi na wasichana walio shuleni. Mhusika tutamwita Binti. Majina, shule na hospitali vimeondolewa, na mambo madogo madogo ambayo yangemtambulisha yamebadilishwa kwa ridhaa yake.

Binti alikuwa na miaka 17, akisoma sekondari ya bweni. Matiti yaliota kwa wakati wake, kimo chake cha kawaida, afya nzuri. Hedhi ndiyo haikuja. Mdogo wake alivunja ungo kabla yake, na tangu siku hiyo, kwa maneno ya Binti mwenyewe, nyumbani watu walianza kunyamaza kila akiingia sebuleni.

Yaliyotokea

Alipofika miaka 15 mama alimpeleka kituo cha afya. Swali la kwanza aliloulizwa, mlango ukiwa wazi na foleni ikisikia, ni kama ameshaanza kulala na wanaume. Akapimwa mimba, hakuwa nayo. Akaandikiwa vidonge vya homoni vya siku kumi na kuambiwa kwamba akivimaliza damu itatoka. Haikutoka. Akaandikiwa tena, na baadaye tena. Kituoni hapo hakuna aliyewaza kumpiga altrasaundi.

Mwaka huohuo mama alimpeleka kwa mpimaji wa binafsi, akapigwa picha ya tumbo. Mama aliingia peke yake kuchukua majibu, akatoka akasema kila kitu kiko sawa, ni homoni tu. Vidonge vikaendelea.

Shuleni Binti alijitengenezea hedhi. Kila mwezi, wenzake walipokwenda kwa matroni kuchukua pedi, naye alikwenda. Alikuwa na tarehe zake na alizifuata. Alitoka darasani ameshika tumbo, akaomba dawa za maumivu, akazimeza mbele ya watu. Pedi alizifungia kwenye tranka, chini ya nguo. Kuzitupa zikiwa nzima aliogopa, kwa sababu wanafunzi ndio waliomwaga taka kwa zamu, na pakiti nzima kwenye pipa lazima ingeulizwa ni ya nani.

Ikatokea wiki moja pedi zikaisha bwenini. Msichana wa kitanda cha jirani alifungua tranka la Binti ili aazime moja, akakuta pakiti zimepangwa toka chini hadi nusu ya tranka, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Uvumi ulianza na wizi: anaficha pedi ili auze. Ukahamia kwenye mimba. Ndani ya siku chache ukatua pale ulipokaa: huyu si mwanamke kamili, ana jinsia mbili. Wasichana wakaacha kuoga akiwepo. Wa kitanda cha jirani akahama.

Matroni, badala ya kuwatuliza, alimwaga tranka lile sakafuni bweni zima likitazama. Mkuu wa shule akaandika barua kwenda hospitali akitaka "uthibitisho wa jinsia ya mwanafunzi", na akasema bila uthibitisho huo hataweza kumruhusu kulala bwenini. Bahasha ilikuwa imebanwa kwa pini. Binti aliifungua njiani, akaisoma, akazirudisha pini kwenye matundu yaleyale. Ndivyo alivyofika kwetu hospitalini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu barua yenyewe. Daktari angeweza kujibu kwa mstari mmoja kwamba huyu ni msichana, na mambo yakaisha siku hiyo. Timu, yaani daktari wa magonjwa ya wanawake, muuguzi na mshauri nasaha, iliona kwamba shule ikishapewa cheti cha jinsia cha mwanafunzi mmoja, imepata mazoea ya kudai cha mwingine. Lakini kukaa kimya kungemfukuzisha. Kilichoandikwa ni hiki: mwanafunzi huyu yuko chini ya uangalizi wetu, anafaa kuendelea na masomo na kuishi bwenini pamoja na wenzake, na taarifa zake za kiafya hazitolewi bila idhini yake. Hakuna ugonjwa uliotajwa, hakuna kiungo kilichotajwa. Binti alisomewa barua hiyo kabla haijasainiwa, akaomba nakala.

Uchunguzi ulifuata. Aliulizwa anataka nani awe naye chumbani, akamchagua muuguzi, mama akabaki nje. Daktari alitazama sehemu za nje tu, hakuingiza chombo chochote. Altrasaundi ilipitishwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Kwa msichana wa umri huu njia hiyo hujibu karibu maswali yote ya mwanzo, na aliyetoka kumwagiwa tranka lake hadharani hakustahili kudhalilishwa tena, safari hii kitandani.

Picha ilionyesha ovari mbili, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi na homoni za kike, zote zenye afya. Mfuko wa uzazi haukuwepo. Figo ya kushoto haikuwepo pia. Damu ikaonyesha homoni za kike katika kiwango cha kawaida na kromosomu 46,XX, yaani za kawaida za mwanamke.

Hali hii inaitwa MRKH, kwa herufi za majina ya madaktari Mayer, Rokitansky, Küster na Hauser. Msichana huzaliwa bila mfuko wa uzazi, au na mabaki yake tu, na sehemu ya juu ya uke haikui. Ovari hufanya kazi, ndiyo maana matiti huota na mwili hukua kama wa wasichana wengine. Kwa nje hakuna cha kushtukia. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kike 4,500 hadi 5,000. Hesabu hiyo ina maana kwamba muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kliniki yenye watu wengi huenda alishakutana nayo bila kuijua. Theluthi hivi ya wenye hali hii wana tatizo la figo, na baadhi wana kasoro za uti wa mgongo au usikivu, kwa hiyo picha ya figo ni sehemu ya uchunguzi.

Kromosomu zilipimwa kwa sababu ipo hali nyingine inayofanana na hii kwa nje: mwenye kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za kiume, ambaye mwili wake hausikii testosteroni, homoni ya kiume. Naye huota matiti, naye hana mfuko wa uzazi, lakini ana korodani ndani ya tumbo, na ufuatiliaji wake ni tofauti kabisa. Iko pia hali rahisi zaidi, utando ulioziba mlango wa uke. Huyo ana mfuko wa uzazi, damu inakusanyika ndani, na kila mwezi anaumwa tumbo kweli. Upasuaji mdogo humaliza tatizo. Maumivu ya Binti yalikuwa ya kuigiza, jambo alilomwambia muuguzi siku ya pili, kwa sauti ya mtu anayetarajia kugombezwa.

Ungamo hilo lilikuwa na uzito wa kitabibu kuliko alivyojua. Dawa alizokuwa akimeza kila mwezi ili aaminike zilikuwa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mtu mwenye figo moja hushauriwa aziepuke au azitumie kwa uangalizi. Vipimo vya figo yake vilikuwa vizuri. Dawa zilisimamishwa.

Kabla majibu hayajasomwa kwa yeyote, mama alimvuta muuguzi pembeni kwenye korido. "Mwambieni ni homoni. Nawaomba." Muuguzi akamuuliza kwa upole: "Mama, unajua nini?" Mama akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa ripoti ya mpimaji wa binafsi, ya miaka miwili nyuma: mfuko wa uzazi hauonekani.

Hapa timu iligawanyika. Daktari alitaka kusoma majibu mapya na kuiacha ripoti ya zamani isitajwe, kwa kuwa haikuongeza lolote kwenye matibabu. Mshauri alipinga. Karatasi ile ina tarehe, alisema, na siku moja Binti ataiona; akigundua kwamba mama alijua na sisi tulijua kwamba mama alijua, hatabaki na mtu wa kumwamini. Lakini nasi hatukuwa na haki ya kumshtaki mama mbele ya mtoto wake. Ikaamuliwa mama aseme mwenyewe, siku hiyohiyo, muuguzi akiwepo, daktari aingie baadaye.

Mama alisema maneno machache. "Mwanangu, nilijua tangu ule mwaka. Niliogopa ungejidhuru."

Binti alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na vidonge?"

Swali hilo ndilo lililobaki na mama. Vidonge alivyomnunulia, akamkumbusha kuvimeza, akijua haviwezi kuleta kitu, vilikuwa njia yake ya kumpa mtoto matumaini. Kwa Binti vilikuwa miaka miwili ya kuamini kwamba mwili wake unakataa dawa. Mshauri alimwona baadaye peke yake na kumuuliza waziwazi kama aliwahi kufikiria kujidhuru. Alijibu hapana, alichofikiria ni kutoroka shule.

Daktari alianza na vilivyopo: ovari, mayai, homoni, kromosomu. Kisha kisichokuwepo. Mpangilio huo ulikuwa umekubaliwa. Ambacho hakikukubaliwa ni alichofanya baada ya hapo, alipoona machozi: alikimbilia habari za upandikizaji wa mfuko wa uzazi, kwamba mwaka 2014 nchini Sweden, kwa mara ya kwanza duniani, mtoto alizaliwa na mwanamke aliyepandikizwa mfuko wa uzazi, na kwamba mwanamke huyo alikuwa na hali hii hii, tena na figo moja. Ni kweli yote. Ni kweli pia kwamba alipata dalili za awali za kifafa cha mimba, yaani shinikizo la damu la ujauzito, na mtoto akatolewa kwa upasuaji kabla ya wakati, na kwamba aliyepandikizwa hunywa dawa kali za kuzuia mwili usikikatae kiungo kile. Binti alimkatiza. "Daktari, nikirudi bweni nitasema nini?"

Timu ilikuwa imejiandaa kwa maswali ya uzazi na ndoa. Yeye alikuwa anawaza wiki ijayo, kitanda kilicho wazi kando ya chake, na bafu.

Suala la uke lilizungumzwa kwenye kikao kingine, bila mama. Shangazi, ambaye alikuwa ameshaambiwa na mama, alikuwa akipiga simu akitaka binti apasuliwe mapema "kabla hajatokea mchumba". Timu ilikataa, na sababu ni za kitabibu. Njia inayopendekezwa kwanza ni ya kutanua taratibu kwa vifaa laini, mwanamke akifanya mwenyewe faraghani kwa miezi kadhaa. Kwa walio tayari na wenye msaada wa kutosha hufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90. Upasuaji una makovu yake, na wengi wa waliopasuliwa hulazimika kuendelea kutanua vilevile. Zaidi ya yote, njia hizo zote zinamhitaji mwenye mwili atake. Msichana wa miaka 17 asiye na uhusiano wala haja hana cha kuharakishia. Alionyeshwa vifaa, akaelezwa, akaambiwa mlango uko wazi mwaka huu au miaka kumi ijayo.

Kisha shule. Mawazo matatu yalikuwa mezani: kumhamisha, kutoa somo la miili kwa bweni zima, au kumwandaa Binti ajibu mwenyewe. Somo la bweni zima lilipendwa na mkuu wa shule, na kwa haraka haraka linaonekana zuri. Tulilikataa kwa wakati ule kwa sababu kila msikilizaji angejua linamhusu nani. Kuhama alikukataa yeye; alisema angekwenda kuanza upya na tranka jipya la pedi. Ikabaki sentensi. Aliijaribu mara nyingi na mshauri, akapunguza maneno, akaacha hii: "Nilizaliwa na hali inayofanya nisipate hedhi, naonana na daktari, na sipendi kuizungumzia zaidi ya hapo." Hakuna uongo ndani yake wala anatomia. Kipande cha mwisho alikiongeza mwenyewe.

Matokeo

Alirudi bwenini. Mkuu wa shule aliipokea barua kwa shingo upande lakini aliipokea, na akapiga marufuku kupekua tranka mbele ya wanafunzi. Matroni hakuomba radhi, hadi Binti anamaliza shule. Msichana aliyehama kitanda hakurudi. Mwingine alihamia pale, na ndiye mtu wa pekee shuleni aliyeambiwa habari yote. Uvumi ulipungua, ukawa unafufuka kila wanafunzi wapya wakija.

Pedi zile alizigawa. Za kwanza alimpa mdogo wake.

Nyumbani hakusema na mama kwa wiki kadhaa zaidi ya salamu na "abee". Baba alikuwa hajui kitu; akaambiwa na shangazi kwenye kikao cha ukoo, Binti akiwa shuleni, bila yeye kuulizwa. Baba aliuliza kama mtoto anaumwa, akajibiwa haumwi, akasema basi mwacheni asome. Kwa jinsi ilivyoweza kwenda, ilikwenda vizuri, ila Binti alipogundua kwamba wajomba na baba zake wadogo wote wanajua, alikataa kwenda nyumbani likizo hiyo.

Uchambuzi

Kosa la kitabibu lilifanyika alipokuwa na miaka 15, na ni kosa la kawaida mno. Msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi, au aliyepitisha miaka mitatu tangu matiti yaanze kuota, anahitaji kuchunguzwa. Asiye na dalili yoyote ya kubalehe kufikia miaka 13 vilevile. Kupima mimba ni sahihi, hata kwa anayesema hajawahi. Kumuuliza mlango ukiwa wazi si sahihi, na ilimfundisha Binti kwamba kituo cha afya ni mahali pa kutuhumiwa. Vidonge vya kuleta damu bila kujua kama kuna mfuko wa kutoa damu hiyo ni kupoteza muda wa mgonjwa. Altrasaundi ya tumbo ingetangulia, pedi zile zisingerundikana.

Kumlaumu mama ni rahisi, na kwenye mjadala wa kitengo wapo waliomlaumu. Mimi namwona alifanya alichofanya kwa sababu hakuna aliyemfundisha kingine. Alipewa karatasi na mpimaji, si daktari, bila maelezo, akiwa peke yake, akaambiwa kwa kifupi kwamba mtoto hatazaa. Angemweleza mwanawe nini? Majibu makubwa yakitolewa kwa mzazi peke yake huku msichana akisubiri nje, siri imeshatengenezwa na mfumo, mzazi anabaki kuibeba. Kilichomsaidia Binti kumrudia mama ni kwamba mama alikiri mwenyewe. Ingekuwa daktari ndiye aliyesema, sidhani kama wangefika walipofika.

Barua ilifanya kazi kwa sababu ilijibu hitaji halali la shule, yaani kama mwanafunzi anaweza kukaa bwenini, ikaacha kujibu udadisi. Washauri wanaopokea madai ya aina hii wajaribu kuyatenganisha hivyo. Mara nyingi nusu ya barua ni hitaji na nusu ni umbea wenye mhuri.

Sentensi ya Binti nayo ilifanya kazi, ingawa si kwa namna tuliyotarajia. Tulidhani itawanyamazisha wengine. Haikuwanyamazisha wote. Aliyeondolewa mzigo ni yeye: hakuwa tena na tarehe za kukumbuka, maumivu ya kuigiza, vidonge vya kumeza. Alisema kazi ya kufanana na wenzake ilikuwa inamchosha kuliko masomo. Nafasi yake bwenini ilipatikana kupitia rafiki mmoja aliyejua, na wengine wengi waliokosa la ziada la kupekua.

Jambo ambalo kama lingefanyika mapema lingesaidia zaidi ni kumuunganisha na mwanamke mwingine mwenye hali hii. Lilifanyika miezi mitatu baadaye, kwa simu, kupitia daktari wa hospitali nyingine na kwa idhini ya pande zote mbili. Yule dada aliolewa, ana kazi, na alimjibu maswali ambayo Binti hakutuuliza sisi: alimwambia mume lini, alimwambiaje, alilia kiasi gani. Binti alituambia kwamba baada ya simu ile ndipo aliposikia maneno ya daktari.

Kuvuja kwa habari kupitia shangazi kulizuilika. Timu ilijua tangu simu ya kwanza kwamba shangazi anajua, ikashughulikia hoja yake ya upasuaji na kuacha suala la nani mwingine ataambiwa. Kila anayeingizwa kwenye siri ya mgonjwa anahitaji kuambiwa waziwazi mipaka yake, na mgonjwa anahitaji kuulizwa orodha hiyo aipange vipi.

Palikuwa pia na jalada. Juu ya jalada lake la hospitali, kwa kalamu nene, mtu wa mapokezi alikuwa ameandika HANA UTERUS, yaani hana mfuko wa uzazi, ili daktari aione haraka. Jalada hilo lilibebwa kwenye korido, likawekwa juu ya kaunta, likapita mikononi mwa wahudumu wasiohusika. Binti ndiye aliyeligundua. Kitengo sasa kinaandika utambuzi ndani tu, na tumeanza kuyapitia majalada ya zamani. Yamo mengi yenye maandishi ya aina hiyo, na mengi ni ya wanawake.

Mambo mawili hayajaisha. Hajaamua kuhusu kutanua, na hatumuulizi kila akija. Figo yake ndiyo inayofuatiliwa kwa ratiba. La pili ni mama. Binti alipotimiza miaka 18 alijaza upya fomu ya wanaoruhusiwa kupewa taarifa zake, akaacha nafasi ya mzazi wazi. Mama bado hupiga simu kuuliza majibu, na muuguzi humjibu amuulize mwanawe. Mara ya mwisho alisema ameshamuuliza, na ameambiwa.